Mapiko ya babu, unyago wa bibi: je, hapo kuna historia ya sanaa za maonyesho?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasomea sanaa za maonyesho. Bibi yangu mzaa mama anaishi Newala na ni kungwi wa miaka mingi. Marehemu babu alivuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, akaja kukata mkonge, na wanaomkumbuka husema alikuwa mchezaji hodari wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Nataka tasnifu yangu ihusu historia ya ngoma hizo, nikizilinganisha na ngoma za vinyago za wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada tulizosoma darasani, kwa kuwa naona zinafanana mno. Nilipoeleza wazo langu, mhadhiri mmoja aliniambia kwamba mapiko ni tambiko wala si tamthilia, na kwamba pasipo maandishi hapana historia. Bibi amekubali kuzungumza nami, lakini ametanguliza kwamba mengine si ya kuandikwa. Je, mada ninayo, au nitafute nyingine mapema?"*

Marahaba, mwanangu. Mada unayo, na sioni sababu ya kuikimbia, ila nadhani iliyo bora imo katika sentensi uliyoipita haraka, pale uliposema kwamba babu alivuka Ruvuma kuja kukata mkonge. Nitaifikia. Kwanza tuziondoe hofu mbili ulizotiwa, kwa sababu kila moja ina asili yake, na ukiijua asili hiyo utaweza kujibu bila kugombana na mtu.

Hoja ya kwamba haya ni matambiko na si tamthilia ni ya zamani kiasi, na iliyoipa nguvu katika vyuo vyetu ni kazi kubwa ya Ruth Finnegan ya mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika. Yeye aliorodhesha sifa ambazo tamthilia kamili inapaswa kuwa nazo, kama vile waigizaji, kisa, mazungumzo, muziki na mapambo, kisha akaona kwamba katika Afrika ni nadra kuzikuta zote mahali pamoja, ingawa alikiri kwamba ngoma za vinyago za Afrika Magharibi zinakaribia. Tumtendee haki: hakusema kwamba Waafrika hawana sanaa. Udhaifu uko katika kipimo chenyewe, ambacho kilikatwa kwa kufuata jukwaa la Ulaya, na haikuwa ajabu kwamba kilichokipita vizuri ni jukwaa la Ulaya. Hata Wagiriki wa Athens, ambao kila mtaala huanza nao, walionyesha tamthilia zao katika sikukuu ya mungu wao Dionysus. Kama tambiko linabatilisha tamthilia, basi na wao tuwaondoe.

Soma pia alichoandika Hugh Clapperton, msafiri Mskoti aliyefika Katunga, mji mkuu wa Oyo ya kale katika nchi ya Wayoruba, mwaka 1826. Alaafin, yaani mfalme wa Oyo, alimwandalia onyesho. Katika sehemu ya kwanza watu walicheza wakiwa ndani ya magunia. Katika sehemu ya pili chatu mkubwa alitoka guniani na kuwindwa. Katika sehemu ya tatu gunia lilishuka polepole, akatokea kiumbe mweupe, mwembamba, anayetetemeka kwa baridi, anayejifanya kunusa ugoro na kufikicha viganja, anayekanyaga ardhi kwa uangalifu wa mtu ambaye nyayo zake hazijawahi kutembea pekupeku. Watazamaji walicheka sana, wakawa wanamgeukia mgeni wao na kumhimiza aangalie vizuri. Clapperton mwenyewe ameandika kwamba alijifanya kufurahi sawasawa na wao. Hapo kuna mgawanyo wa sehemu, kuna vifaa vya jukwaani, kuna mhusika aliyeigwa kwa mwendo na tabia, na kuna watazamaji wanaojua kwamba kilicho mbele yao ni kiigizo, tena cha mtu aliyeketi miongoni mwao. Wakati huo hapakuwa na shule ya Kizungu Oyo. Joel Adedeji alitumia ushahidi wa namna hii, pamoja na masimulizi ya koo zenyewe, katika tasnifu yake ya Ibadan ya mwaka 1969 kufuatilia maonyesho ya kusafiri ya Alarinjo, yaliyochipuka kutoka katika ibada ya mizimu ya egungun, yakatoka kwenye baraza la mfalme na kuwa kazi ya kulipwa mijini na vijijini. Kwa hiyo mwenzetu alikwisha kuonyesha kwamba tambiko na burudani vinaweza kuishi katika ngoma moja, na kwamba uzito wa kimoja dhidi ya kingine hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mabadiliko hayo ndiyo historia unayoitafuta.

Nakuonya lakini usiangukie upande wa pili. Wako wanaotaka kuita kila kitu tamthilia, kuanzia mazishi hadi mnada wa samaki, ili mradi tu Afrika isionekane imepungukiwa. Ukifanya hivyo bado unakubali kwamba tamthilia ya Ulaya ndiyo cheo, na unaomba tupandishwe. Afadhali uliache swali la kama mapiko ni tamthilia mlangoni mwa sura ya kwanza, uliseme kwa aya mbili, kisha uulize maswali yanayojibika: nani alicheza, mbele ya nani, kwa idhini ya nani, kwa malipo gani, na lini mambo hayo yalibadilika.

Kuhusu maandishi, aliyekuambia hayapo hajayatafuta. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na uwanda wa Makonde katika mwaka 1906, na alikaa Newala hiyohiyo ya bibi yako. Alibeba kamera, mashine ya kunasa sauti kwenye nta na mashine ya filamu, akarekodi ngoma, akanunua vinyago, na kitabu cha safari yake kikatoka mwaka 1908. Hizo ni kumbukumbu za zaidi ya karne moja kutoka wilaya unayotaka kuiandika. Lakini zisome kwa jicho kali. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na Weule alisafiri na askari wa serikali iliyokuwa ikivizima. Anaeleza hata sherehe za wasichana alizozishuhudia. Jiulize, makungwi wa mwaka 1906 walimwonyesha nini mwanamume mgeni aliyekuja na bunduki nyuma yake, na walificha nini? Swali hilo peke yake lingeweza kujaza sura moja, na wewe una bibi wa kumsomea maelezo yake na kumsikiliza anavyocheka au anavyokunja uso. Wachache sana kati ya watafiti wa Leipzig wana bahati hiyo.

Liko pia jambo la Waswahili wenyewe kuandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo yaliyomo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Humo mna habari za jando, unyago, ngoma na pepo, kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia ndani yake. Ni habari za mrima, yaani pwani ya upande wa Bagamoyo, si za Newala, hivyo usizihamishe kusini kana kwamba pwani yote ilicheza ngoma moja. Zitakusaidia zaidi kuona namna mwenyeji anavyochagua la kusema. Ongeza gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, na mkusanyiko wa Hans Cory ulio katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao ndani yake mna mengi kuhusu mafunzo ya unyago na jando katika sehemu mbalimbali za nchi. Cory alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na hilo nalo litaje.

Sasa tuje kwa babu. Nijuavyo, Wamakonde wa upande wenu wa Tanzania wengi huita wachezaji wao wa vinyago midimu, na mapiko ni ya upande wa Mueda. Kwa hiyo babu alipovuka mto hakuingia mahali patupu, bali alikuta wenyeji wana vinyago vyao, wana makungwi wao, wana majira yao ya jando. Je, alicheza mapiko yake wapi? Kambini kwa wakata mkonge wenzake, au kijijini kwa wenyeji? Wavulana waliochezewa walikuwa wa nani? Kinyago alikuja nacho, alichonga upya, au alikodi? Nani alimpigia ngoma, na mpigaji alijifunza wapi midundo ya Mueda? Hapa ndipo ninapoiona tasnifu yako, yaani maonyesho ya wahamiaji, yaliyobebwa na watu waliokwenda kutafuta mshahara, yakalazimika kubadilika mahali papya. Hakuna atakayekuambia hiyo si historia.

Chukua kitu kimoja ukikague kwa karibu: uso wa kinyago. Lipiko, yaani kinyago kimoja cha mapiko, huvaliwa kichwani kama kofia ya mti mwepesi inayofunika kichwa chote, na mwili wa mchezaji hufungwa nguo mpaka isionekane hata ncha ya kidole, kwa kuwa asiyetiwa jandoni hapaswi kujua kwamba ndani yumo mtu. Nyuso hizo zimewahi kuwa za wazee wenye chale, za wanawake wenye ndonya, yaani pambo linalotiwa mdomoni, lakini pia za Wazungu, Wahindi na watu wa serikali. Kila uso mgeni unaoingia katika orodha una wakati wake wa kuingia. Ukimpata mzee anayekumbuka mara ya kwanza alipoona kinyago cha bwana shamba wa mkonge, umepata tarehe, hata kama yeye hataji mwaka.

Miaka utaifunga kwa matukio, kwa sababu kumbukumbu ya watu haitembei na kalenda. Usimuulize mtu zamani ilikuwaje, maana atakupa zamani iliyosafishwa, isiyo na ugomvi wala njaa. Muulize kama mwaka aliochezwa yeye ulikuwa kabla au baada ya mradi wa karanga wa Nachingwea, wa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Kabla au baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Kama wakimbizi wa vita vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, walikuwa wamefika. Kama watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya sabini. Uliza nani alikataa kuja siku hiyo na kwa nini. Uliza nani aligharimia pombe na chakula. Maswali madogo ya gharama hufungua midomo kuliko maswali makubwa ya maana.

Kuhusu Kanada nitasema wazi kwamba kufanana ndiyo sababu dhaifu kuliko zote ya kulinganisha. Wakwakwaka'wakw wa kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver wana ngoma ya Hamatsa, ambamo kijana aliyeshikwa na roho ya mla watu hurejeshwa taratibu katika utu kwa nyimbo, huku ndege wakubwa wa mti wakifungua na kufunga midomo yao kwa kamba kwa kishindo kinachojaza nyumba. Ndiyo, ni vinyago, na ndiyo, kuna kutiwa katika siri. Lakini kule haki ya kucheza ngoma fulani ni mali ya ukoo, hurithiwa au huja na ndoa, na mwenye sherehe huwapa wageni zawadi nyingi ili wawe mashahidi kwamba haki hiyo ni yake, anayepokea amekubali. Mapiko hayakujengwa juu ya ushahidi wa namna hiyo. Ukianza kwa kusema zinafanana, utayaona yaliyo juu na kuyakosa yanayoziendesha.

Kinacholinganishika ni tatizo. Serikali ya Kanada ilizipiga marufuku sherehe hizo kwa sheria kuanzia mwaka 1885, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1951. Desemba 1921 ukoo wa Dan Cranmer ulifanya sherehe kubwa kisiwani, mbali na macho ya serikali. Habari zikavuja, watu wakashtakiwa, baadhi wakafungwa, na wengine wakalazimishwa kusalimisha vinyago vyao, ambavyo vilitawanywa katika makumbusho ya Kanada na hata New York. Baada ya miaka mingi ya kudai, sehemu kubwa ilirudi, na mwaka 1980 kituo cha utamaduni cha U'mista kikafunguliwa Alert Bay ili kuvihifadhi nyumbani. Huko kwetu serikali haikutumia sheria moja ya namna hiyo, lakini wamisionari walipinga jando na vinyago, na baada ya uhuru serikali ilifanya kinyume: ilizipenda ngoma, ikaunda kikundi cha taifa, ikaipandisha ngoma ya sindimba ya Wamakonde jukwaani ikiwa imetolewa katika mazingira yake ya mafunzo, na mwaka 1981 chuo cha sanaa kikaanza Bagamoyo. Ngoma inapokatazwa hutokea nini, na inapopendwa na serikali hutokea nini? Hilo ni swali la kulinganisha lenye nyama. Hata hivyo, kwa tasnifu ya shahada ya kwanza ningekushauri Kanada iwe sehemu fupi ya kulitazamia la kwako, isiwe nusu ya kazi. Huwezi kwenda huko, na kuandika juu ya watu wa asili wa mbali kwa kutegemea vitabu vya wageni wao ni kuwatendea kile ambacho Weule aliwatendea watu wa Newala.

Ukitaka mfano mwingine wa namna maandishi yanavyopotosha hesabu, tazama Rabinal Achí, ngoma ya maigizo ya Wamaya wa Guatemala. Padri Mfaransa Brasseur de Bourbourg alipata maneno yake kwa Bartolo Sis, mwenyeji wa Rabinal, akayachapisha Paris mwaka 1862, na tangu hapo wanazuoni wakaiita tamthilia bila wasiwasi. Wenyeji walikuwa wakiicheza kabla yake, na wanaendelea kuicheza kila Januari.

Limebaki neno la bibi, na hili usilichukulie kama kikwazo cha kuruka kwa werevu. Akisema jambo si la kuandikwa, usiliandike, usilirekodi kwa simu mfukoni, wala usilitie katika daftari ukidhani hakuna atakayelisoma. Unachoweza kuandika, kwa idhini yake, ni mpaka wenyewe: kwamba kuna sehemu inayoonwa na wote uwanjani, kuna inayojulikana kwa waliochezwa tu, na kuna inayobaki kwa makungwi, na kwamba mpaka huo labda ulikuwa mahali pengine alipokuwa msichana. Huo ni ushahidi halali na msomaji mzuri atauheshimu. Kumbuka pia kwamba hata kama wewe umechezwa unyago, mapiko ni siri ya wanaume. Ujukuu hautakufungulia kila mlango. Huenda wazee waliocheza na babu wakakupa ya uwanjani na kunyamaza kuhusu mengine, nawe hutakuwa umeshindwa kwa sababu hiyo.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandikiana kama huu hautoshi. Idhini ya bibi peke yake haimalizi, kwa kuwa ukungwi si kazi ya mtu mmoja. Mwombe akupeleke kwa nyakanga, yaani mkuu wa unyago, na makungwi wenzake, ueleze ana kwa ana unachotaka kufanya, nani atasoma, na sauti zitahifadhiwa wapi. Ukisikia kwamba ameanza kulaumiwa kwa kuzungumza nawe, simamisha mahojiano siku hiyohiyo na uende kwao na mtu mzima wa familia, hata kama ratiba ya chuo inakubana. Barua ya kibali cha utafiti kutoka chuoni, itakayofika wilayani na kijijini, uwe nayo kabla ya kuwasha kinasa sauti. Ukitaka kuvuka kwenda Mueda, hiyo ni nchi nyingine yenye vibali vyake. Zungumza kwanza na idara, na kwa muda ulionao nisingekushauri.

Kama mhadhiri aliyekukatisha tamaa ndiye msimamizi wako, omba nafasi ofisini kwake, umpelekee ukurasa mmoja wenye swali moja la utafiti, majina ya wazee watatu walio tayari kuzungumza, na nakala ya kurasa za Weule zinazoitaja Newala. Wengi hulegea wakiona karatasi. Akishikilia msimamo wake, idara ina utaratibu wa kubadilisha msimamizi, nao utumie kabla hujaenda uwandani.